Maswali Yenu: Igizo Hili Linawafaa Watoto wa Umri Gani?

Tangu shule zifungue, meseji za maigizo zimekuwa nyingi kuliko za kitu kingine chochote, walimu wanauliza walete kikundi gani, wazazi wanauliza kama wasaini ile fomu ya ruhusa au waiache mezani. Nimechagua chache. Barua ndefu nimezikata, na majina nimeyatoa yote maana wengine mliandika mkiwa na hasira na wakuu wenu wa shule wanasoma jarida hili pia.

Hujambo Mwalimu. Nafundisha Kiswahili shule ya upili huku magharibi mwa Kenya. Vikundi vitatu vimepiga simu vikitaka kuja kuigiza Bembea ya Maisha kwa kidato cha tatu na cha nne. Kikundi tulicholeta mara ya mwisho wanafunzi walicheka mpaka machozi, lakini nusu ya vichekesho havikuwa kwenye kitabu, na kulikuwa na densi moja ambayo hata mimi niliinamisha macho. Sasa mwalimu mkuu ameniachia nichague. Nitajuaje kikundi kizuri kabla hakijafika getini? – Mwalimu wa Fasihi, Kakamega

Sijambo mwenzangu, na pole, maana mwalimu mkuu akisema chagua wewe ujue yakiharibika ni yako.

Kitabu chenyewe kisikutie hofu. Tamthilia hii ya Timothy Arege ina ulevi wa Yona, ina Sara anayepigwa na mumewe, ina watu waliowasimanga kwa kuchelewa kupata mtoto alafu walipopata wakasema mbona wasichana watupu. Mtoto wa miaka 16 au 17 anaweza kukaa na mambo hayo, mengi keshayaona kwa jirani, na mtihanini ataulizwa. Shida ni kwamba watu wakitaka kujua kama igizo linafaa wanauliza linahusu nini, mimi nauliza linaonyeshaje. Kipigo kwenye karatasi ni maneno tu, mwanafunzi anasoma anapita. Kikundi kikiamua kukionyesha, kofi lina mlio, mama kaanguka sakafuni hatua mbili kutoka kwa mtoto aliyekaa mstari wa mbele, na pengine kwao juzi usiku ilikuwa hivyo hivyo.

Alafu kuna suala la mlevi, hili naomba ulishike vizuri. Vikundi vinampenda mlevi kwa sababu mlevi hakosi kicheko. Basi mwigizaji wa Yona anaingia anapepesuka, suruali inataka kumvuka, anamsalimia nguzo akidhani ni mtu, bwalo zima hoi. Dakika tano baadaye huyo huyo anamzaba mkewe kofi na watoto bado wanacheka, manake wameshazoeshwa kwamba kila anachofanya huyu bwana ni kichekesho. Hapo igizo limeshaharibika kwa umri wowote ule na hakuna neno chafu hata moja lililotamkwa. Kwa hiyo ukiwapigia simu usiulize "kuna matusi?" maana watasema hakuna. Waulize nani anacheza Yona na anamchezaje, na mkitoka kwenye ulevi kwenda kwenye kipigo mnakikataje kicheko. Kikundi kinachojua kazi yake kitakueleza mpaka salio likuishie, kile cha kubahatisha kitakwambia tu "mwalimu usijali, watafurahi."

Omba skripti yao, sio kitabu. Tamthilia nzima haimaliziki kwa muda ambao shule inawapa, lazima wanakata na lazima wanaunga, na ile densi yako ya mara ya mwisho ilikaa kwenye hizo sehemu za kuunga. Omba na video, ila ukatae zile za matangazo zenye muziki juu yake, unataka onyesho moja lililorekodiwa kwa simu kutoka nyuma ya ukumbi, hata kama picha inatikisika, hapo utasikia wanafunzi wanacheka wapi na wananyamaza wapi. Kisha mpigie mwalimu wa shule ambayo wametoka kuigiza. Usimtafute mkuu wa shule, yeye alikaa kwenye kiti cha wageni dakika kumi akaitwa ofisini. Mtafute mwalimu aliyekaa katikati ya wanafunzi.

Mkishakubaliana muandikiane, hata meseji ya WhatsApp inatosha: densi isiyo ya kitabu hakuna, na yule MC asimtoe mwanafunzi wa kike kwenye viti kuja kucheza na mwigizaji mbele ya wenzake. Hii ya pili nasikia malalamiko yake sana na hakuna kikundi kitakachokwambia mapema kwamba wanafanya, kwao ni "kuchangamsha". Bakiza na sehemu ya malipo mpaka onyesho liishe, siku yenyewe ukae karibu na mtu wa maiki, uwe na ruhusa ya mkuu wako kusimamisha mambo ukiona yanaharibika.

Usisubiri serikali ikuchagulie. Kenya ina Sheria ya Filamu na Michezo ya Jukwaani, Sura ya 222, Tanzania ina yake ya 1976, na kwenye filamu Wakenya mmeshazizoea zile alama za GE, PG, 16 na 18, ila kikundi kinachozunguka mashuleni na Probox moja na spika mbili juu ya keria usitegemee bango lake liwe na alama ya umri. Anayeweka umri hapo ni wewe.

Shikamoo Mwalimu. Binti yangu yuko darasa la kwanza, ana miaka sita na miezi kadhaa. Shule inawapeleka kuona igizo la sungura na fisi, waigizaji wanavaa vinyago. Huyu mtoto aliona kinyago cha ngoma ya Kimakonde kwenye maonyesho ya Sabasaba akalia mpaka tukarudi nyumbani, usiku alilala kwetu. Baba yake anasema aende tu akajifunze ujasiri. Mimi roho inasita. – Mama, Tabata

Marahaba mama. Mwambie baba watoto kwamba ujasiri haupatikani kwa kufungiwa kwenye chumba cha giza na fisi.

Ila pia usikimbilie kumzuia. Mtoto wa miaka sita ukimuuliza ndani ya kile kinyago kuna nini atakujibu vizuri tu, kuna mtu. Akili inajua ila mwili haujaafiki. Kinyago kikitokea ghafla gizani na ngoma imepigwa kwa nguvu, mwili ndo unaamua. Kinachomtisha mtoto wa umri huu mara nyingi sio fisi mwenyewe, ni ule ughafla, ni giza, ni sauti, na kule kukaa mahali ambapo hawezi kutoka.

Vikundi vinavyojua kuigizia watoto wadogo vina njia yao, na hii ndo ya kuuliza shuleni kabla hujasaini. Mwigizaji anatoka kwanza na uso wake, anawasalimia watoto, anajitambulisha, kinyago kipo mkononi, anakiacha watoto wakiguse masikio yake, wakiulize kimetengenezwa na nini, alafu anakivaa pale pale mbele yao. Watoto wameona mtu anavyogeuka fisi, na kwenye maigizo ya wadogo hicho ni kitu kitamu kuliko hadithi yenyewe. Taa za watazamaji hazizimwi zote. Onyesho lisizidi dakika arobaini na tano hivi, saa nzima ni mwisho kabisa. Na kikundi kizuri kinaacha nafasi watoto wapige kelele, maana watapiga tu, fisi akinyata nyuma ya sungura hakuna mtoto wa darasa la kwanza atakayekaa kimya. Kikundi kikikwambia watoto wanatakiwa watulie kimya muda wote, hicho kimezoea watu wazima.

We nyumbani mhadithie hadithi yote mpaka mwisho, usiogope kumharibia utamu, watoto wadogo wanapenda kitu wanachojua kinaishia wapi, ndo maana wanataka hadithi ile ile kila usiku mpaka wewe umechoka. Muombe mwalimu wa darasa amkalishe pembeni karibu na njia, sio mstari wa mbele, akae na mtu mzima anayemjua. Akilia watoke nje bila kumcheka, akitaka kurudi arudi. Na kama shule hawajui kikundi kitafanya nini na vinyago vyao, wala hawataki kuuliza, mbakize nyumbani mwaka huu, igizo lingine litakuja.

Mwalimu, kikundi kimetupa bei nzuri sana ya onyesho moja kwa shule nzima, kuanzia chekechea hadi darasa la saba, tukigawa mara mbili bei inapanda. Unashauri nini? – Mwalimu wa Taaluma, Singida

Msikubali. Chekechea watataka kujisaidia kabla hadithi haijachanganya, la saba watakuwa wanawaigiza waigizaji kwa kejeli, na kikundi kikishaona hivyo kitaanza kurusha vichekesho vya kuwashika wakubwa na wadogo watavisikia pia. Gaweni kati ya la tatu na la nne. Kama bajeti imegoma, lipieni la kwa wakubwa tu, chekechea mwalimu wao mwenye sauti ya kuhadithia anawatosha kabisa, tena bure.

Habari Mwalimu. Idara yetu ilileta wasanii wakaigiza Kilio Chetu mbele ya wanafunzi wote, kidato cha kwanza hadi cha nne. Wiki iliyofuata wazazi wakaja juu, kwamba tunawafundisha watoto ngono. Mkuu wa shule sasa amepiga marufuku maigizo ya nje. Tulikosea wapi wakati kitabu ni cha serikali? – Mkuu wa Idara ya Lugha, Morogoro

Salama mwenzangu. Kitabu kimekaa kwenye orodha ya fasihi ya kidato cha tatu na cha nne miaka mingi, sawa, ila wewe mwenyewe umeandika "kidato cha kwanza hadi cha nne", hapo jibu lako lipo. Mtoto wa kidato cha kwanza ana miaka 13 au 14, huyo wa kidato cha nne ana 17 na kuendelea. Katikati ya hiyo miaka minne mtu anabadilika kuliko atakavyobadilika tena maishani mwake. Na wale wakubwa kitabu wamekisoma darasani na mwalimu, wana pa kuliweka wanaloliona, mdogo anakutana nalo kwa mara ya kwanza kwenye bwalo lenye watu mia tano wanaopiga miluzi.

Kwa wasiokijua, Kilio Chetu ni tamthilia ya Medical Aid Foundation, inahusu vijana na ukimwi na wazazi wanaoona aibu kuwaambia watoto wao ukweli. Kwa hiyo wazazi wenu waliokuja juu wamekuja kulalamika kuhusu igizo ambalo linawahusu wao wenyewe, lakini usiwaambie hivyo kwenye kikao, utaongeza moto. Waite. Mkishamlainisha mkuu wa shule, kabla ya onyesho lijalo chukueni wazazi wawili watatu wa kamati, na yule mkali kuliko wote awemo, wakae waone mazoezi ya wasanii mwanzo mwisho. Mzazi akishaona mwenyewe atawatetea kwa wenzake vizuri kuliko barua yoyote ya shule, au atawaonyesha kitu ambacho nyie hamkukiona.

Kwenye hayo mazoezi kuna sehemu mbili za kukazia macho. Moja ni vijana wanapokutana faraghani. Hapo hakuna haja ya kushikana shikana kabisa, taa inazimwa, au wanapita nyuma ya kitambaa, au ngoma inabadilika mdundo, tukirudi mambo yameshatokea, watazamaji wa miaka 17 sio wajinga wameelewa. Kikundi kinachong'ang'ania kuonyesha kinatafuta miluzi.

Ya pili watu wengi hawaifikirii. Ni mgonjwa. Mwigizaji anataka kuonyesha kijana amekonda, basi anajipaka majivu, anatembea kama mifupa inayogongana, anakohoa mpaka watu wanacheka, na ukumbini kwako, niamini, kuna mtoto aliyemuuguza mama yake, na kuna mtoto anayemeza dawa kila siku na hakuna rafiki yake anayejua. Yule anakaa pale anaangalia darasa lake likicheka. Hakuna mzazi aliyekuja kulalamikia hilo, ila mimi ndilo ningeanza nalo. Ni swali lile lile la kuuliza kwenye tamthilia ya Orodha pia, ya Steve Reynolds, kama mnafikiria kuileta. Kwanza siku hizi mtu anayetumia dawa zake vizuri anaishi na kufanya kazi kama wengine, kwa hiyo hata hiyo picha ya mifupa imepitwa na wakati, na onyesho likiisha awepo muuguzi au mwalimu wa afya wa kusema hivyo na kupokea maswali, hata ya kwenye vikaratasi visivyo na jina.

Nyongeza moja. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 1996 idara ya sanaa ilianzisha TUSEME, mpango ambao wasichana wa sekondari walitengeneza maigizo yao wenyewe kuhusu yale yanayowakwamisha masomoni, na profesa Penina Mlama, ambaye nyie wa fasihi mnamjua kama Penina Muhando, alikuwa mstari wa mbele, baadaye FAWE, shirika la kutetea elimu ya wasichana, likaupeleka nchi nyingine za Afrika. Wakati marufuku ya mkuu wako inaendelea hakuna aliyewakataza wanafunzi kutunga la kwao. Wanafunzi wakitunga wenyewe umri unajipanga wenyewe pia, watasema kwa kiasi chao, na mtashangaa wanayoyajua.

Hujambo Mwalimu. Tangu ile Aprili ya 2025, shule ya Butere Girls walipokuja hapa kwetu Nakuru kwenye tamasha la drama na igizo la Echoes of War, mwalimu mkuu wetu hataki igizo lolote lenye serikali ndani. Anasema siasa si ya watoto. Mimi niko kwenye bodi ya shule, nimjibu nini? – Mzazi, Nakuru

Kwa waliokuwa mbali: igizo hilo la kukosoa uongozi liliandikwa na Cleophas Malala aliyekuwa seneta wa Kakamega, likazua mvutano, Mahakama Kuu ikaamuru shule iruhusiwe kushiriki, siku ya siku Malala akazuiwa kuwa na wanafunzi, wasichana wakakataa kuigiza bila yeye, wakaimba wimbo wa taifa wakaondoka, na polisi walirusha vitoa machozi. Mwaka 2013 igizo lingine la shule hiyo hiyo na mwandishi huyo huyo, Shackles of Doom, lilipigwa marufuku, na Mahakama Kuu ikaamuru liigizwe.

Sasa mwalimu wenu mkuu anachanganya mambo. Tamthilia ya Kigogo ya Pauline Kea ilikuwa kitabu teule cha sekondari kuanzia 2018, na ndani yake kuna Majoka anayeitawala Sagamoyo kwa mkono wa chuma, kuna jela, kuna maandamano, na watoto wa miaka 16 walikisoma wakatahiniwa na serikali yenyewe. Huwezi kusema mtoto amekomaa kujibu swali la uongozi mbaya kwenye karatasi ila hajakomaa kuliona jukwaani. Mtu mzima akikasirishwa na igizo huwa anasema "si la watoto", na mara nyingi anayelindwa hapo sio mtoto.

Lakini na mimi nina mipaka yangu, usije ukanitumia mimi kama fimbo. Kuangalia na kuigiza ni vitu viwili. Mtoto akiangalia, anarudi nyumbani na mawazo yake. Akiigiza, jina la shule yake liko kwenye gazeti, uso wake uko kwenye video, na maneno anayosema yameandikwa na mtu mzima ambaye ana mambo yake. Kwa hiyo la kuuliza kwenye bodi ni kama wanafunzi wanaelewa wanachokisema, kama wamekubali bila kusukumwa, na wazazi wamesoma skripti. Nikichagulia shule ningekataa igizo linalotaja mwanasiasa aliye hai kwa jina lake au kudhihaki kabila la watu, hata liwe limeandikwa kwa ufundi namna gani. Jirani mlevi wa madaraka asiye na jina anatosha. Wadogo wa shule ya msingi wape simba na wanyama wake, wanaelewa haraka kuliko tunavyodhani.

Assalaam aleikum Mwalimu. Sisi ni watu wa Mombasa, sasa twaishi Leicester. Shule ya mwanangu wa miaka tisa yawapeleka panto mwezi wa Disemba. Rafiki yangu aniambia kuna mwanamume avaa nguo za kike na mizaha ya maneno yenye maana mbili. Tovuti yao yaandika miaka 5 na kuendelea. Nimzuie? – Mama, Leicester

Waaleikum salaam dada. Panto ni kitu cha Waingereza cha kila msimu wa Krismasi, hadithi za kina Aladdin na Cinderella, nyimbo, peremende zinarushwa kwa watazamaji, na watoto wanapiga kelele kumwambia mtu yuko nyuma yako. Huyo mwanamume wa nguo za kike ni mhusika wa zamani wa jukwaa lao, kijibibi chenye rangi nyingi usoni na wigi kubwa kama mlima, na kazi yake ni kuchekesha. Hata kwetu wachekeshaji wanaume wamejifunga leso wakaigiza mashangazi, na tulicheka sana. Mizaha ya maana mbili ipo, hilo rafiki yako hakukosea, imewekwa kwa ajili ya wazazi wanaochoshwa na hadithi ya watoto, na mtoto wa miaka tisa mara nyingi anasikia ile maana ya juu tu.

Hiyo namba ya 5 ni ushauri wa wenye onyesho, sio kama namba ya sinema ambayo mtu wa mlangoni anaweza kukurudisha. The Lion King pale London kwa mfano wanashauri miaka 6 na kuendelea, na walio chini ya miaka 3 ndo hawaingizwi kabisa. Uzuri wa huko ulipo ni kwamba ukumbi ukiwaandikia barua pepe kuuliza mizaha ikoje mwaka huu na kuna nini cha kutisha wanajibu, wameshazoea, na kumbi nyingi zina siku maalumu ambazo taa haziwi kali, sauti inapunguzwa na mtoto anaruhusiwa kutoka na kurudi, hizo zimewekwa hasa kwa watoto wenye usonji ila wengine nao wanafaidika. Kama nyumba yenu imeamua kidini kwamba hapana, hilo ni lenu, zungumza na mwalimu wa darasa mapema ujue atabaki na nani siku hiyo. Ila usimwambie mtoto asubuhi ya safari wenzake wakiwa wanapanda basi.

Shikamoo Mwalimu. Sisi ni shule ya msingi, tunataka kuwaletea darasa la sita igizo la Kinjeketile kwa sababu wanasoma Maji Maji. Kuna vita na mauaji ndani, je umri wao unaruhusu? – Mwalimu wa Historia, Rufiji

Marahaba, na barua imetoka Rufiji kwenyewe, nimefurahi. Vita sio tatizo, hiyo vita ya 1905 hadi 1907 watoto wenu wanaisoma darasani na pengine babu zao wameihadithia kuliko kitabu. Tatizo ni kwamba Ebrahim Hussein aliandika tamthilia ile, iliyotoka 1969, kwa mtu mwenye subira. Watu wanasimama wanabishana juu ya imani, juu ya neno ambalo mtu amelisema kisha likawa kubwa kumshinda aliyelisema, na mtoto wa miaka 12 kwenye benchi la mbao ataanza kumchokoza jirani yake kabla hata ya vita. Umri wa igizo haupimwi kwa damu na mapenzi peke yake, na kuchoka nako kupo kwenye hesabu. Lote zima nawaachia kidato cha tatu na kuendelea.

Chukueni kipande. Kinjeketile anaingia mtoni, watu wanasubiri ukingoni, wengine wameshakata tamaa kwamba kazama, alafu anatoka na nguo zake ni kavu. Hicho darasa la sita watakikumbuka mpaka wanazeeka, na hakihitaji taa wala spika, kinahitaji kitambaa kirefu cha bluu na watoto wawili wa kukitikisa, na nyie mna faida ambayo ukumbi wowote wa Dar hauna, mto wenyewe mnao. Ila mkienda kuigizia ukingoni kaeni mbali na maji, mamba wa Rufiji hawajui kama ni igizo.